Hosea alisema habari za Israeli. Je, mimi nimeokoka kweli?

"Shikamoo Mchungaji. Niliokoka mwaka 2019. Kanisani tulifundishwa kwamba kuna unabii zaidi ya 300 uliomtabiri Yesu, kwamba wote ulitimia neno kwa neno, na kwamba hapo ndipo imani yetu inaposimama. Miezi miwili iliyopita mwenzangu kazini, Muislamu, mtu ninayemheshimu sana, alinifungulia Mathayo 2:15, kisha Hosea 11:1, akaniuliza: 'Hapa anasemwa Yesu au taifa la Israeli?' Nilisoma sura yote. Ni Israeli. Tangu siku hiyo sina raha. Kila usiku narudia sala ya toba, siku nyingine mara ishirini, kwa sababu nahisi ile ya kwanza haikushika. Nilimweleza mtumishi mmoja, akasema nina roho ya mashaka, nitoe sadaka ya shilingi laki tatu na nibatizwe upya. Kama unabii hautimii vile nilivyofundishwa, mimi nimeokoka kweli?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na jambo lako la mwisho, maana haliwezi kungoja. Hizo laki tatu usizitoe, na usibatizwe upya. Simoni wa Samaria alipodhani karama ya Mungu hupatikana kwa fedha, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Utulivu wa roho hauna bei, na anayekutajia bei anauza kisicho chake. Kuhusu ubatizo, makanisa yanatofautiana juu ya kubatiza watoto wachanga, nami kama Mlutheri nina msimamo wangu. Lakini hata ndugu zetu wasiobatiza watoto hawafundishi kwamba mtu mzima aliyebatizwa akimwamini Kristo arudishwe majini kila anapoingiwa na mashaka.

Sasa Hosea. Mathayo 2:15 inasema mtoto Yesu alikaa Misri ili litimie neno la nabii, "Kutoka Misri nalimwita mwanangu", nalo ni neno la Hosea 11:1. Mwenzako alisoma sawasawa, na wewe ulifanya jambo jema kusoma sura nzima badala ya kumkatalia papo hapo. Nafundisha Agano la Kale chuoni, na kila mwaka wapo wanafunzi wanaofika hapohapo ulipofika wewe. Wengine hunikasirikia, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika sura ile. Wengine hunyamaza wiki nzima. Nawaelewa. Mtu akishaambiwa kwamba nyumba yote imebebwa na nguzo fulani, halafu akaiona nguzo ile inacheza, hawezi kulala humo.

Ila tatizo halikuanzia kwa Hosea, wala kwa Mathayo. Limeanzia katika namna tunavyolisikia neno "unabii". Tunalisikia kama utabiri, kama ule wa hali ya hewa: mtabiri anasema kesho mvua, kesho ikinyesha tunasema amepatia. Manabii walitabiri pia, sikatai. Yeremia alimwambia Hanania kwamba atakufa mwaka uleule, naye akafa mwezi wa saba (Yeremia 28). Lakini sehemu kubwa zaidi ya vitabu vyao si utabiri wa namna hiyo. Ni Mungu akisema na watu wake: anawakumbusha aliyowatendea, anawashitaki, anawalilia, anawaahidi. Ahadi hutimizwa kwa namna tofauti na utabiri. Utabiri hulingana tu na tukio, basi. Ahadi hukua pamoja na aliyeitoa.

Tazama Hosea mwenyewe. Alihudumu katika ufalme wa kaskazini, karne ya nane kabla ya Kristo, katika miaka iliyotangulia kuanguka kwa Samaria mikononi mwa Waashuru mwaka 722 KK. Sura ya 11 ni maneno ya mzazi aliyeumizwa. "Israeli alipokuwa mtoto, nalimpenda, nikamwita mwanangu atoke Misri." Mstari wa pili: mwana yule kadiri alivyoitwa ndivyo alivyozidi kwenda zake na kuwafukizia uvumba mabaali. Mstari wa tatu: mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, nikamshika mikono. Kisha inakuja hukumu, watarudi utumwani. Halafu mstari wa nane moyo wa baba unageuka: "Nikuacheje, Ee Efraimu?" Efraimu ni Israeli huyohuyo. Sura haifungi hesabu. Mwana ameitwa, mwana ameasi, baba amekataa kumwacha. Mwana mtiifu yuko wapi? Hosea anaishia hapo na swali linabaki wazi.

Umewahi kuziona nyumba zetu za mjini zilizokamilika chini, watu wanaishi, mama anakaanga vitumbua barazani, lakini juu ya paa la zege nondo zimechomoza kuelekea mbinguni? Kila apitaye anajua mwenye nyumba hajamaliza. Ghorofa ya chini si ya uongo. Ni nyumba kamili, watu wanalala humo. Lakini nondo zinasema jambo zaidi. Hosea 11 ni nyumba ya namna hiyo. Ilikuwa na maana kamili kwa watu wa Samaria, na Mungu aliacha nondo.

Mathayo alikuwa anazijua nondo hizo, na wasomaji wake wa kwanza, ambao wengi wao walikuwa Wayahudi, walizijua pia. Usidhani alichomoa nusu ya mstari akitumaini hakuna atakayekagua. Tena tuna dalili kwamba aliisoma sehemu hii kwa makini. Tafsiri ya Kigiriki iliyotumiwa sana siku zile inasema pale "watoto wake". Mathayo anafuata maandishi ya Kiebrania: "mwanangu". Alitaka neno lile la umoja, kwa sababu anachokieleza ni kwamba Yesu anaitembea upya njia ya Israeli. Soma sura zake nne za kwanza kwa mkupuo mmoja, utaona. Mtoto anatoka Misri. Anapita majini, Yordani, kama walivyopita wao baharini. Anakaa jangwani siku arobaini, kama wao miaka arobaini. Anajaribiwa kwa njaa na kwa kuabudu kisicho Mungu, na mara zote tatu anamjibu Ibilisi kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, kitabu kinachosimulia kushindwa kwa Israeli jangwani. Hapo waliposhindwa wao, yeye anasimama. Kisha, sura ya tano inapoanza, anapanda mlimani na kufundisha. Mwana aliyekosekana katika Hosea 11 amepatikana.

Ndiyo maana Mathayo anasema neno lile "litimie". Kitenzi alichotumia kwa Kigiriki maana yake ya msingi ni kujaza, kufikisha kitu kwenye ukamilifu wake. Katika sura ya 13 mstari wa 48 anakitumia kitenzi hichohicho kwa juya la wavuvi: "hata lilipojaa, walilivuta pwani". Hosea aliacha juya limetandazwa. Mathayo anasema limejaa.

Kwa hiyo ukiulizwa tena kama Hosea 11:1 ni habari za Israeli au za Yesu, jibu bila kutetemeka: Hosea alisema habari za Israeli, na Mathayo anasema Yesu ndiye Israeli alivyotakiwa kuwa. Anayesikiliza anaweza kukataa dai hilo la Mathayo. Ni haki yake. Lakini atakuwa amekataa dai lenyewe. Hatakuwa amemshika mtu katika uongo.

Si mistari yote iko hivi, na sitaki utoke kwenye kosa moja uingie jingine. Mika 5:2 inautaja mji, Bethlehemu Efrata, na mtawala atakayetoka humo. Wayahudi wa siku za Yesu waliuelewa hivyohivyo. Katika Yohana 7:42 watu wanabishana juu yake kwa sababu wanadhani yeye ametoka Galilaya. Hapo pana utabiri katika maana ya kawaida. Zekaria 9:9 inamtaja mfalme mnyenyekevu juu ya punda. Mtu anaweza kusema Yesu alijua andiko, akaagiza punda makusudi. Mimi nakubali kwamba alifanya makusudi. Alikuwa anatangaza yeye ni nani, na umati wa siku ile ulimshangilia kama Mwana wa Daudi.

Isaya 7:14 ni ngumu zaidi, na afadhali uisikie kwangu kuliko kuikuta peke yako saa nane usiku. Ishara ile ilitolewa kwa mfalme Ahazi, alipotishwa na wafalme wa Shamu na wa Israeli. Mstari wa 16 unasema kabla mtoto hajajua kukataa mabaya, nchi ya wafalme wale wawili itakuwa imeachwa. Dameski kweli ilianguka mwaka 732 KK. Neno la Kiebrania pale ni la mwanamke kijana aliyefikia umri wa kuolewa. Waliotafsiri kwa Kigiriki, kabla ya Yesu kuzaliwa, walichagua neno la bikira. Ghorofa ya chini ni Ahazi. Nondo ni jina lile, Imanueli, Mungu pamoja nasi, ambalo ni kubwa mno kwa mtoto yeyote wa jumba la Ahazi.

Isaya 53, habari za mtumishi wa Mungu anayeteseka, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayobishaniwa kuliko zote. "Bali alijeruhiwa kwa makosa yetu, alichubuliwa kwa maovu yetu." Wakristo wengi huambiwa kwamba Wayahudi hawaioni kwa kuwa wana upofu. Hiyo si haki. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1105, aliisoma kuwa habari za taifa la Israeli linaloteseka kati ya mataifa, naye ana msingi: Isaya 49:3 inamwita mtumishi huyo Israeli waziwazi. Lakini mistari miwili baadaye, mtumishi huyohuyo anatumwa kumrudisha Israeli. Anakuwaje Israeli na mwokozi wa Israeli kwa wakati mmoja? Andiko lenyewe lina mvutano huo, hatukuutia sisi. Mimi naamini unafunguka kwa Yesu tu, kwa njia ileile uliyoiona kwa Hosea: mmoja anayebeba wote. Na wapo waliosema sura ile iliandikwa baada ya msalaba. Gombo kubwa la Isaya lililopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, katika mapango yaliyogunduliwa kuanzia mwaka 1947, lina sura ile yote, na wataalamu wanaliweka zaidi ya miaka mia moja kabla ya Yesu kuzaliwa. Kwa hiyo kuhusu hilo pumzika.

Swali lako, kwa kweli, lilishaulizwa na Mwafrika. Yule towashi wa Kushi wa Matendo 8, akirudi nyumbani ndani ya gari lake la kukokotwa, aliisoma Isaya 53 akamuuliza mhubiri Filipo: nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine? Filipo hakumkemea roho ya mashaka. Alipanda, akaketi naye, akaanza na andiko lilelile. Angalia pia kwamba hakumtoza chochote, ingawa mtu yule alikuwa msimamizi wa hazina yote ya malkia.

Na zile 300? Ni orodha iliyochanganya kila kitu: utabiri, ahadi, zaburi za kilio, mifano ya sadaka, jina la mji. Ukizihesabu zote kama utabiri wa tarehe, kisha ukachukua hata nane tu ukazipigia hesabu za uwezekano, unapata tarakimu yenye sifuri kumi na saba inayosisimua mkutano wa injili. Nimewahi kuitumia hesabu hiyo mimi mwenyewe nilipokuwa kijana, kwa nia njema kabisa. Niliacha kwa sababu ya watu kama wewe. Inamfundisha mtu kwamba imani ni mnyororo wa pete 300, na ikikatika moja mtu anaanguka.

Mitume hawakuamini kwa mpangilio huo. Hawakuwa na orodha mkononi wakitafuta mtu wa kulingana nayo. Wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, siku ya ufufuo, walimjua Yesu, waliyajua maandiko tangu utoto, na bado walisema kwa huzuni, "tulikuwa tukitumaini". Tumaini lao lilikuwa limekwisha. Aliye hai alipotembea nao ndipo maandiko ya Musa na manabii yalipowaka moto. Paulo anaandika hivyohivyo kwa Wakorintho, yapata mwaka 55: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, "kama yanenavyo maandiko", kisha anataja waliomwona, wengi wao wakiwa bado hai. Imani ya Kikristo inasimama juu ya huyo aliyefufuka. Maandiko yanatuambia yeye ni nani na alikuja kufanya nini. Ukilijua hilo, swali la Hosea linageuka kuwa swali la kujifunza. Haliwezi tena kuwa hukumu ya kifo juu ya wokovu wako.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana naona kosa lililokupata kwenye unabii ndilo limekupata kwenye imani. Kule uliambiwa ahadi ni ushahidi wa mahakamani. Huku umeambiwa, au umejiambia, kwamba imani ni kiasi cha uhakika ulio nao kichwani, na kiasi kikishuka chini ya mstari fulani, umepotea. Ndiyo maana unarudia sala: unatafuta usiku ambao utaisema bila hata chembe ya shaka. Usiku huo hautakuja, binti yangu, na hukuambiwa uungoje.

Neno la Kiebrania linalotafsiriwa imani katika Habakuki 2:4, "mwenye haki ataishi kwa imani yake", linaonekana mahali usipolitarajia, Kutoka 17:12. Israeli wanapigana na Amaleki. Musa anainua mikono, mikono inachoka. Wanamwekea jiwe akalie, Haruni upande huu na Huri upande ule wanamshikilia, "mikono yake ikathibitika hata jua lilipokuchwa". Huko kuthibitika ndilo neno lenyewe. Imani inaelezwa kwa mikono ya mzee iliyochoka, inayoshikiliwa na wengine, nayo inahesabiwa kuwa thabiti. Wala ushindi haukutoka kwenye misuli ya Musa.

Kwa hiyo Paulo anaposema, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani" (Waefeso 2:8), angalia kinachookoa. Ni neema. Imani ni mkono unaopokea. Mkono unaotetemeka hupokea sahani ileile ya chakula kama mkono uliotulia. Baba yule wa Marko 9 alipiga kelele, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mwanawe akaponywa siku ileile. Yesu hakumwambia akarudie maneno mpaka sehemu ya pili ya sentensi iondoke.

Huenda umesikia pia kwamba Yakobo anampinga Paulo anaposema imani bila matendo imekufa. Yakobo anaongea na mtu anayekiri kwamba Mungu ni mmoja huku akimwacha ndugu yake na njaa, na anasema hata mashetani huamini hivyo na kutetemeka. Paulo mwenyewe, baada tu ya kusema si kwa matendo, anaendelea mstari wa 10 kwamba tumeumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Mti haujifanyi kuwa hai kwa kuzaa embe; unazaa kwa kuwa u hai. Jambo hili liligawanya Wakatoliki na Walutheri kwa karne nyingi. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, pande hizo mbili zilitia saini tamko kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa sababu ya stahili yoyote yake. Tofauti zimebaki, nazo si ndogo, hasa juu ya mtu anaweza kuwa na uhakika kiasi gani na kama wokovu unaweza kupotea. Mlokole, Mlutheri na Mkatoliki watakujibu tofauti kidogo. Hakuna hata mmoja kati yao anayefundisha kwamba ukiuliza swali juu ya Hosea, wokovu unakatika.

Kuhusu sala ya toba: hiyo sala tunayoongozwa kuisema mbele ya kanisa ni desturi nzuri, lakini kwa maneno yale haimo katika Biblia. Si neno la siri linalofungua mlango likitamkwa bila kukosea. Toba ya kila siku ni sawa, Baba Yetu inatufundisha hivyo, lakini huko ni kurudi kwa Baba uliye wake tayari. Kwa hiyo usiku wa leo omba mara moja. Taja unachokijua kuwa ni kosa, sema amina, lala. Wazo likija kwamba haikushika, usibishane nalo na usirudie sala. Mwambie Bwana tu, "Unajua."

Na ukiona huwezi kuacha, yaani unajaribu na hofu inapanda kifuani mpaka urudie ndipo ipungue kwa dakika chache, nisikilize vizuri. Kurudia mara ishirini kwa miezi miwili kunaweza kuwa zaidi ya swali la imani. Upo ugonjwa wa wasiwasi unaomshurutisha mtu kurudia tendo. Wengine huosha mikono, wengine hukagua kitasa, na waumini mara nyingi hurudia sala. Luther alipokuwa mtawa kijana alikuwa akiungama kwa saa nyingi, akitoka anakumbuka jingine anarudi, mpaka mlezi wake Staupitz alipomwelekeza amtazame Kristo badala ya kujitazama. Sisemi una ugonjwa. Mimi si daktari. Nasema nenda hospitali yenye kliniki ya afya ya akili, ueleze kama ulivyonieleza, na utaje usingizi pia. Ugonjwa huo una tiba, ya mazungumzo na ya dawa, na kuitumia si kumkana Mungu. Kama wazo la kujidhuru limekupitia hata mara moja, usingoje miadi. Nenda leo na mtu unayemwamini.

Tafuta pia Haruni na Huri wako. Mchungaji wako wa karibu, kama ni mtu wa kusikiliza, au mama mmoja mtu mzima wa kwaya au wa jumuiya ambaye hatakutangaza. Mweleze uso kwa uso. Mimi nakuandikia, lakini siwezi kukushika mkono.

Mwenzako kazini usimkwepe. Hukuniambia kwamba alikudhihaki; alikuuliza, nawe unamheshimu. Mwambie alikuwa sahihi juu ya Hosea, umeenda ukasoma, na sasa ungependa msome pamoja mpaka mstari wa nane, pale baba anaposema "Nikuacheje". Mnunulie chai. Msikilize na yeye anavyoelewa rehema ya Mungu kwa mtoto aliyeasi, kisha umweleze kwa nini Mathayo alipoisoma sura ile alimfikiria mtoto mmoja mdogo aliyebebwa usiku na wazazi wake kukimbilia Misri.